Naomba ushauri: mtoto wa kaka yangu aliungua kwa maji moto, ametoka hospitalini na nyumba nzima imenyamaza

ShangaziMtu (mwenye uzi)

Hamjambo ndugu zangu. Ninaandika nikiwa mtaa wa Umoja hapa Nairobi, nimetoka jioni hii kwa kaka yangu anayeishi mtaa wa Huruma, na ninaomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kujibu.

Wiki tisa zilizopita, asubuhi ya siku ya shule, wifi yangu alikuwa amebandika sufuria ya maji ya kuoga kwenye jiko la gesi ambalo, kama ilivyo kwa wengi wanaoishi chumba kimoja, hukaa sakafuni. Mvulana wao wa miaka minane alikuwa akitafuta soksi, akajikwaa kwenye mpira wa gesi, sufuria ikapinduka, na maji yakammwagikia dada yake wa miaka minne shingoni, kifuani, kwapani na mkono wa kushoto mpaka chini ya kiwiko. Jirani aliyekuja mbio kwa nia njema alimpaka dawa ya meno. Kaka yangu, ambaye ni mlinzi wa usiku, alikuta watu wamejaa kwenye ngazi na mtoto ameshapakiwa kwenye teksi. Mtoto alilazwa wiki sita, akapandikizwa ngozi iliyotolewa pajani, na sasa yuko nyumbani wiki ya tatu.

Siku zile za kwanza hatukukosa watu. Kikundi cha mchango kwenye WhatsApp kilifika watu themanini na kitu, na kila jioni mweka hazina aliorodhesha nani ametoa nini. Mtoto aliporuhusiwa kwenda nyumbani watu waliandika kwamba Mungu ni mwema, kisha wakaanza kujiondoa mmoja mmoja, wakidhani mambo yamekwisha. Sisi ndio kwanza tunaanza. Mtoto anatakiwa kunyooshwa mkono mara kadhaa kwa siku, naye hulia mpaka wapangaji wa ghorofa ya chini wanagonga dari. Mama yetu, aliyekuja kutoka Mwingi kusaidia, anasema mtoto ameshateseka vya kutosha, aachwe apumzike. Juzi, wifi alipokuwa akikanda unga wa chapati, mama akasema kama anayejisemea kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Wifi aliufunika unga, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi mpaka giza likaingia.

Yule mvulana ndiye anayenitia hofu zaidi. Hazungumzi ila akiulizwa, na tangu siku ile anaoga maji baridi. Huu ni mwezi wa Julai, na mnaijua baridi ya Nairobi. Ukimwekea maji ya moto anasubiri yapoe kabisa ndipo aingie bafuni.

La mwisho ni langu mwenyewe. Nilipofika hospitalini asubuhi ile, neno langu la kwanza kwa wifi lilikuwa, "Wewe ulikuwa wapi?" Sikuitazama mikono yake, ambayo nayo ilikuwa imefungwa bendeji, kwa sababu ndiye aliyemvua mtoto nguo zilizolowa maji yale. Tangu hapo ananijibu kwa heshima zote, lakini ni heshima ya mtu na mgeni. Nifanye nini kitakachowafaa, bila kujifanya mkuu wa nyumba isiyo yangu?

MpitaNjia

Poleni sana. Lakini tuseme ukweli: jiko la gesi haliwekwi sakafuni penye watoto. Wazazi wawe waangalifu.

BabaWawili

MpitaNjia, mtu aliyeungua mikono akimwokoa mwanawe hahitaji kukumbushwa jiko lilikuwa wapi. Analiona kila akifumba macho. Kama una meza ya ziada, mpelekee.

MuuguziMstaafu

ShangaziMtu, poleni. Nilifanya kazi katika wadi za watoto kwa miaka mingi, kwa hiyo nitaanza na mkono, kwa sababu mkono hausubiri.

Ngozi mpya iliyoungua huendelea kujivuta na kukaza kwa miezi mingi baada ya kidonda kufunga, na kwa kawaida kovu huchukua mwaka mmoja hadi miwili kabla ya kutulia na kulainika. Mtoto akiachwa achague mwenyewe, atakunja kiwiko, atabana mkono ubavuni na kuinamisha kidevu, kwa sababu hapo ndipo pasipouma. Mkao huo anaoupenda ndio utakaomlemaza. Kwapa na shingo hukaza haraka, na vikishakaza sana huenda akahitaji upasuaji mwingine ili kuvifungua. Mama yenu anamwonea huruma mjukuu wake, na huruma hiyo ni ya kweli, ila huruma inayofaa hapa ni ya kumnyoosha mara nyingi kwa muda mfupi mfupi. Hata hivyo, usimhubirie wewe. Siku ya kliniki mpeleke, akae chumbani na mtaalamu wa tibamaungo, yule wa mazoezi ya viungo, aulize maswali yake na ajibiwe yeye. Nimewaona akina nyanya waliokuwa wapinzani wakubwa wakirudi nyumbani kuwa wasimamizi wakali kuliko madaktari.

Kuhusu vilio, kama daktari ameandika dawa ya maumivu, muulizeni kama mnaweza kumpa nusu saa hivi kabla ya mazoezi au kabla ya kubadilisha bendeji, badala ya kungoja aumie kwanza. Pale ngozi ilipokwisha kufunga kabisa, ipakeni mafuta yasiyo na manukato na kuisinga taratibu kwa kidole gumba mara kadhaa kwa siku; kovu kavu hupasuka na huwasha. Kuwashwa huko huzidi usiku, na mara nyingine humnyima mtoto usingizi kuliko maumivu yenyewe, kwa hiyo mkateni kucha, mvisheni pamba, na mwambieni daktari, maana zipo dawa. Akipewa nguo za kubana kovu, atazivaa karibu saa 23 kwa siku na kuzivua wakati wa kuoga na kupakwa mafuta tu. Hulegea baada ya miezi michache na mtoto naye hukua, kwa hiyo apimwe upya, wala msijilaumu kwamba mmeziharibu. Jua la mchana lisiipige ngozi hiyo moja kwa moja. Chakula kiwe cha kujenga mwili, na si lazima kiwe cha gharama: mayai, ndengu, maharagwe, omena na maziwa vinatosha.

Homa, usaha, harufu mbaya, au sehemu iliyokuwa imefunga kuanza kuchimbika tena ni sababu ya kurudi hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama kliniki ni kesho.

Dawa ya meno nayo, kwa wanaosoma: haipozi jeraha, bali humpa daktari kazi ya kuikwangua. Kinachopoza ni maji safi ya bomba yanayotiririka, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20, huku sehemu nyingine za mwili zikifunikwa ili mtoto asipatwe na baridi. Ninajua maji ya bomba hayatoki kila siku huko Huruma. Hata ya mtungi yanayomiminwa polepole yanafaa.

Jambo moja dogo. Msimamisheni mtoto karibu na ukuta, atambaze vidole kwenda juu mpaka anapofika, kisha mpige alama kwa penseli. Kesho aitafute alama ya jana.

MamaJabali

Mwanangu aliungua kwa uji akiwa na miaka miwili. Sasa yuko darasani na amenizidi urefu. Nitasema la wifi yako, kwa sababu nimekaa kwenye ngazi kama zile.

Kila aliyekuja kuniona aliniuliza ilikuwaje. Walidhani wanaonyesha kwamba wanajali, kumbe kila mmoja alikuwa akinirudisha jikoni nimwage uji upya. Mume wangu hakuniuliza kitu, na nikaisikia hata hiyo kama hukumu. Mtu aliyenisaidia alikuwa wifi yangu mmoja, aliyekuja siku ya kufua, akachukua karai, akasema, "Nilikusema vibaya kwa watu. Nimekosa." Kisha akafua. Hakueleza kwa nini alisema, wala hakutaka nimfariji ili naye apone. Nenda ukamwambie hivyo, ulitaje neno lenyewe ulilolisema, kwa sababu yeye analikumbuka herufi kwa herufi. Baada ya hapo nyamaza. Asipokujibu siku hiyo, usimdai jibu.

Mvulana ni jambo zito zaidi. Kumwambia mara moja kwamba si kosa lake hakutoshi, maana mtoto wa miaka minane anajua mguu uliogusa mpira ni wake. Aambiwe na baba yake, wakiwa wawili, kwamba kweli alijikwaa, kwamba kujikwaa si kuumiza mtu kwa kusudi, na kwamba mahali pa jiko ni shauri la watu wazima. Kisha jiko lipandishwe juu ya meza akiona, na ikiwezekana ashike misumari wakati baba anapoufunga mpira ukutani. Mpeni pia kazi katika uponyaji wa mdogo wake, lakini kazi nyepesi ya furaha. Asifanywe mlinzi wake wa kulipa deni. Hizo alama za penseli azipige yeye. Akiendelea kuogopa maji au kukosa usingizi, ulizeni kliniki kuhusu mshauri nasaha na msisitize kwamba mnaomba msaada huo kwa ajili ya mtoto ambaye hakuungua, kwa sababu huyo hana faili na hakuna atakayemwita jina.

MwekaHazina_SouthB

Upande wa fedha nitakuwa mfupi. Kikundi cha watu themanini ni cha kulipia bili. Hakifai kwa kazi ya mwaka mzima. Kifungeni kwa heshima, mkitoa hesabu ya mwisho yenye kila shilingi, halafu baki na watu watano wanaoaminika, kila mmoja na jambo lake: mmoja nauli ya kliniki, mwingine trei ya mayai kila wiki, mwingine kukaa na mtoto ili kaka yako, anayetoka lindo alfajiri, alale. Mtu akipewa jambo moja lenye siku yake hulifanya. Akiambiwa "mkihitaji chochote semeni" hulala usingizi mzuri.

Hakikisheni kwamba familia imesajiliwa SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali ya Kenya, na watoto wote wawili wameandikishwa kama wategemezi. Hapo cheti cha kuzaliwa kitahitajika. Tangu SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani, mnamo Oktoba 2024, mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, lakini asiye na hati ya mshahara hukadiriwa kulingana na kipato cha kaya na hulipa mchango wa mwaka mzima. Wengi husajiliwa, wakadhani wamemaliza, kisha wanagundua kwenye dirisha la malipo kwamba mchango haukulipwa. Ikiwa bado kuna deni hospitalini, mwoneni afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali hiyo mapema, mkiwa na stakabadhi zote. Hospitali za umma zina utaratibu wa kuwapunguzia au kuwasamehe wasio na uwezo.

MwalimuWaChekechea

Mtoto atakaporudi shuleni, mzazi atangulie kumwona mwalimu siku moja kabla. Watoto wenzake watauliza mara moja tu wakijibiwa vizuri, kwa hiyo mfundisheni sentensi fupi ya kwake: "Niliungua kwa maji moto, sasa ninapona." Akae mbali na dirisha lenye jua, na asikatazwe kucheza.

ShangaziMtu (mwenye uzi)

Nimesoma kila neno, na MamaJabali, nimelisoma lako mara tatu. Kesho ni Jumamosi, siku yao ya kufua.

MamaJabali

Nenda na sabuni yako.

ShangaziMtu (mwenye uzi)

Nimerudi baada ya wiki tatu, kwa kuwa mlioniuliza faraghani ni wengi.

Nilikwenda na sabuni. Nilimwambia wifi neno lile lile, nikiwa nimeinama kwenye karai ili asilazimike kunitazama usoni. Hakusema kitu mpaka tukaanza kuanika, kisha akaniambia nikaze shuka upande wangu. Nilirudi nyumbani sijui kama nimesamehewa, na mpaka leo sijui, lakini Jumanne iliyofuata alinipigia simu yeye mwenyewe kuuliza kama ninaweza kumpeleka mtoto kliniki, kwa sababu mikono yake bado inamwuma akishika chuma cha matatu.

Tulikwenda na mama. Mtaalamu wa tibamaungo alimshikisha mama kiwiko cha mjukuu wake, akamwonyesha mkono unapofika sasa na unapopaswa kufika. Mama hakusema neno njia nzima mpaka Muthurwa, na pale akanunua mayai. Sasa anasimamia mazoezi kwa ukali ambao MuuguziMstaafu aliutabiri, ingawa na wifi bado wanazungumza kupitia watoto.

Mvulana alizungumza na baba yake, nje, karibu na tangi la maji. Sijui walisema nini na sikuuliza. Jiko liko juu ya meza, zawadi ya BabaWawili, Mungu ambariki. Anaoga maji ya uvuguvugu siku nyingine, na siku nyingine anarudia baridi. Alama za penseli anazipiga yeye, na ameandika tarehe kwenye kila moja kwa mwandiko mkubwa, kiasi kwamba kaka yangu ameanza kuhesabu gharama ya rangi atakayodaiwa na mwenye nyumba siku ya kuhama. Jana mkono ulifika chini kidogo ya swichi ya taa. Mtoto alidai ameigusa, kaka yake akasema hajaigusa, wakagombana kwa sauti mpaka wapangaji wa chini wakagonga dari, na hakuna mtu aliyewanyamazisha.

Kliniki ijayo ni Jumanne, na nguo za kubana zitapimwa siku hiyo. Kama kuna aliyewahi kuzivalisha kwa mtoto mdogo wakati wa joto, naomba aniambie aliwezaje.