Mkurugenzi wa sanaa akae miaka mingapi?

Wa Makole (mtoa mada)
Wadau, habari za jioni. Mwongozaji wa Marekani, Robert Falls, alikabidhiwa Goodman Theatre, jumba la tamthilia la Chicago, mwaka 1986 akiwa na miaka 32, akaiachia 2022. Miaka 36 kiti kimoja! Ndani ya muda huo alichukua tuzo ya Tony ya uongozaji, 1999, kwa tamthilia ya Arthur Miller, na mwaka 2000 wakahamia jumba jipya katikati ya mji. Aliyempokea ni Susan V. Booth, mwanamke wa kwanza kuongoza pale tangu paanzishwe 1925.

Nimeleta hili kwa sababu kikundi kilichonilea hapa Dodoma kina kiongozi yuleyule tangu niko sekondari. Leo mwanangu yuko darasa la tano. Tukigusa uchaguzi tunajibiwa kwamba hata huko kwa wenzetu wakubwa wanakaa. Sasa nauliza, kukaa sana kunajenga kikundi au kunakiua?

Mrangi Halisi
Kunajenga. Yule mama wa Ufaransa, Ariane Mnouchkine, alianzisha kikundi cha maigizo cha Théâtre du Soleil na wenzake 1964 na jina lake halijatoka pale hadi uzeeni. Kikundi cha maigizo si SACCOS kwamba kila miaka mitatu mpige kura. Mwongozaji anawajua watu wake kama mama anavyojua watoto: huyu akikaripiwa analia, huyu akikaripiwa ndiyo anacheza vizuri. Ukimtoa, ujuzi huo anaondoka nao.

Mpitanjia
Mimi nimesimama jukwaani Dar miaka 11, kwa hiyo niseme bila kuzunguka. Mnagombea kiti cha nini? Dodoma hakuna tamthilia. Kuna ngoma na kuna maigizo ya mradi: ukimwi, malaria, posho, mnarudi nyumbani. Jengeni ukumbi kwanza, halafu mje mjadili mkurugenzi.

Binti wa Mvumi
"Kuna ngoma"? Kaka, umewahi kukaa chini kuutazama muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo? Wanawake wamebana ngoma mapajani, kuna anayeanzisha, kuna wanaoitikia, kila mmoja anajua lini aingie na lini anyamaze. Bibi yangu hakuwahi kukanyaga darasani, lakini akisimama kuongoza wanawake wenzake uwanja mzima unakaa kimya. Kama huo si uongozaji, niambie uongozaji ni nini. Umetukosea adabu.

Mwalimu wa Ihumwa
Mbukwenyi. Naomba nimsaidie Mpitanjia. Ngonjera, ambazo kila mtoto wa shule nchi hii amesimama mstarini akazighani, zilisukwa na nani? Mathias Mnyampala, Mgogo wa hapahapa, aliyezaliwa 1917 na kufariki 1969. Baada ya Azimio la Arusha alichukua ushairi akaugawa kwa wahusika, mmoja anauliza, mwingine anabisha, mwishoni wanaelewana. Wahusika wapo, majibizano yapo, watazamaji wapo. Unataka nini tena ili iitwe tamthilia?

Mpitanjia
Mwalimu, heshima yako, lakini ngonjera ni ushairi. Mhusika wa ngonjera hana jambo la kupoteza, anakuja kushindwa hoja tu. Na huyo dada asinisingizie. Ngoma naiheshimu. Marehemu mwanamuziki Hukwe Zawose wa Bagamoyo nilikuwa namsikiliza tangu mdogo.

Binti wa Mvumi
Zawose wa BAGAMOYO? Bagamoyo alikwenda kufundisha Chuo cha Sanaa. Zawose ni Mgogo, alizaliwa huku, vyombo vyake, ilimba na zeze, alitoka navyo huku, na ni Mwalimu Nyerere aliyemwita Dar baada ya kusikia sifa zake. Alipofariki 2003 dunia ilikuwa inamjua. Sisi mkitaka kutusifu mnatuhamishia pwani, mkitaka kutudharau mnaturudisha Dodoma.

Mpitanjia
Nakubali kwa Zawose, nimeteleza. Kwa ngonjera sijateleza.

Mrangi Halisi
Jamani, naona limeshakuwa suala la kabila. Kondoa nako tunazo ngoma zetu na hakuna aliyezitaja.

Mwalimu wa Ihumwa
Zitaje wewe, ndugu yangu, uwanja ni wako. Lakini nirudi kwa Mpitanjia: kushindwa hoja mbele ya kijiji kizima si kupoteza jambo? Nimefundisha shule za msingi maisha yangu yote. Nimeona mtoto wa upande wa mlevi katika ngonjera akienda nyumbani na kumuuliza baba yake maswali yaleyale ya jukwaani. Baba alinifuata shuleni amekasirika. Ushairi mtupu haumtoi mtu nyumbani kwake namna ile.

Mama Chinangali
Nimekuwa nasoma kimya tangu mwanzo ila sasa niseme na mtoa mada. Mwanangu, namjua unayemsema, na wewe nimeshakujua. Ulikuja pale hujui kusimama, mikono unaificha mgongoni. Nani alikuwa anakulipia daladala baada ya mazoezi? Siku ukumbi ulipokosa umeme nani alikwenda kuomba jenereta usiku? Leo umesoma habari za Chicago unakuja kumwanika mzee wa watu. Haipendezi.

Wa Makole (mtoa mada)
Shikamoo mama. Yote uliyosema ni kweli na sijayasahau, nauli ile ndiyo iliyonifikisha hapa. Ndiyo maana sijataja jina, wala sitataja.

Ila naomba swali langu lisomwe. Falls hakukaa miaka 36 peke yake. Utawala ulikuwa kwa mtu mwingine, Roche Schulfer, naye alidumu miaka mingi pembeni yake. Kwenye uongozaji aliwaweka wenzake wenye njia zao: Mary Zimmerman, Chuck Smith, Henry Godinez. Goodman ilipomaliza kuonesha tamthilia zote kumi za August Wilson kuhusu maisha ya Wamarekani weusi, hazikuongozwa na mtu mmoja. Hilo ndilo ninalolitazama. Miaka yenyewe hainisumbui hata kidogo.

Kwetu mtu mmoja anaandika mswada, anaongoza, anacheza mhusika mkuu, anapokea kiingilio mlangoni, na ufunguo wa sanduku la maleba, nguo zetu za kuigizia, uko mfukoni mwake. Mwaka jana alilazwa wiki tatu. Wiki tatu hatukufanya zoezi hata moja, kwa sababu hakuna aliyewahi kufundishwa kuanzisha zoezi. Nilikwenda kumwona wodini nikamkuta anaulizia mazoezi. Nilishindwa kumjibu.

Mrangi Halisi
Ufunguo wa maleba kukaa kwa kiongozi ni kawaida. Maleba yanaibiwa. Sisi tuliwahi kupoteza joho la mfalme, likaonekana harusini.

Mpitanjia
Hata Dar ni hivyohivyo. Kiongozi akiachia ufunguo, kesho mgolole umekuwa shuka la mtu.

Binti wa Mvumi
Bibi yangu hakuwa na sanduku. Kila mwanamke alikuja na ngoma yake na shanga zake, na alipozeeka aliyemfuata alishajulikana, kwa sababu miaka yote alikuwa anasimama kulia kwake na kuanzisha wimbo bibi akichoka.

Mwalimu wa Ihumwa
Mama Chinangali, wewe uko karibu na mzee kuliko sisi wote. Yupo anayesimama kulia kwake?

Mama Chinangali
Mwalimu, maleba yale nimeshona mimi. Kanzu ya kadhi, gauni la malkia, migolole kumi na mbili, cherehani ni yangu na uzi nanunua mwenyewe soko la Majengo. Miaka yote hiyo, nikitaka kupunguza gauni kiunoni, nasubiri mlangoni mpaka aje afungue.