Naomba ushauri: Nataka kumwandalia mzee Jumamosi ya televisheni ya Uingereza ya miaka ya 1970

Wakuu, habari zenu. Baba mkubwa aliishi Uingereza miaka ya 1970, siku hizi hatoki nyumbani. Nataka kumpangia vipindi vya enzi zile, asubuhi hadi usiku.

Chaneli zilikuwa tatu tu: BBC1, BBC2 na ITV. Jumamosi mchana kulikuwa na vipindi vya michezo, Grandstand kwa BBC1 na World of Sport kwa ITV, na saa kumi jioni mieleka kwa ITV. Anachokisimulia zaidi ni matokeo ya mpira: mashine ikichapa herufi moja moja kwenye skrini, watu kimya, mikeka ya kubashiri mkononi. Jioni Doctor Who (tamthilia ya msafiri wa wakati), usiku Match of the Day (kipindi cha mechi za mpira), halafu wimbo wa taifa na matangazo yamekwisha.

Shida ni kwamba kanda nyingi za zamani zilifutwa ili zirekodiwe upya. Doctor Who ipo kwenye DVD, ila diski za DVD hufungwa kwa maeneo ya dunia: za Uingereza ni za eneo namba 2 na deki yangu ya hapa Dar ni ya namba 5, inazikataa.

Deki gani inasoma diski za maeneo yote? Na penye pengo, nichanganye miaka? Mimi naona bora kuchanganya, lakini mzee ana kumbukumbu kali. Mliowahi kuagiza huko, nisaidieni.