Kushuka mto IJssel kwa baiskeli, Arnhem hadi Kampen: ukingo upi, na kwa siku ngapi?

Kombo_Utrecht aliuliza:

Ndugu zangu, salaam. Mwezi Mei nakusudia kuchukua baiskeli yangu ya mbio hadi Arnhem, kuanzia pale karibu na Westervoort ambapo mto IJssel unaachana na Rhine, na kuufuata hadi Kampen, mji wa mwisho mkubwa kabla ya mto kuingia ziwani. Mto wenyewe una urefu wa takriban kilomita 125, na kwa kuwa nchi yote ile ni tambarare, mashamba na malisho matupu, niliona kwamba mtu aliyekulia kwenye miteremko ya Lushoto hatashindwa kuumaliza kwa siku moja. Jirani yangu Mholanzi, mzee ambaye sijawahi kumwona akitembea kwa miguu, alicheka tu nilipomweleza. Naomba wenye uzoefu mnieleze: je, nifuate ukingo wa mashariki au wa magharibi, siku moja inatosha, na tairi za milimita 25 zitahimili barabara za matofali za ile miji ya kale?

Bakari_Deventer alijibu:

Ndugu Kombo, jirani yako hakukosea kucheka, ingawa sidhani kwamba alicheka kwa sababu ya umbali. Anayepanda Lushoto anajua kwamba atateremka, lakini upepo wa mbele juu ya tuta la mto hauna mteremko wa kukulipa. Ukikukuta alasiri kati ya Olst na Wijhe, mahali ambapo tuta liko juu na malisho yako chini pande zote mbili, utakanyaga kwa gia nyepesi muda mrefu huku mnara wa kanisa ulio mbele yako ukibaki palepale. Bahati nzuri, upepo uliozoeleka hapa hutoka kusini-magharibi na mto unaelekea kaskazini, kwa hiyo mwelekeo ulioupanga ndio unaofaa. Hata hivyo, wakati wa masika ya huku, hali ya hewa ikiwa kavu, upepo wa kaskazini-mashariki huweza kukaa siku kadhaa mfululizo. Tazama utabiri jioni ya kuamkia safari, na ukiona hivyo, panda treni hadi Kampen uanzie huko, kwani hakuna sharti la kusafiri na mkondo wa maji.

Kuhusu siku, mimi nasema mbili, na ulale Deventer. Doesburg, Zutphen, Deventer, Hattem, Zwolle na Kampen zote zilikuwa katika umoja wa miji ya biashara ya Hansa, zikatajirika kwa mto huu kabla biashara haijahamia Amsterdam na miji mingine ya magharibi. Huko Zutphen, ndani ya kanisa la Mtakatifu Walburgis, kuna maktaba ya karne ya 16 ambamo vitabu bado vimefungwa kwa minyororo kwenye meza zake, na katika sakafu utaonyeshwa vigae vyenye alama ambazo hadithi za mji zinasema ni nyayo za shetani. Hapa Deventer kuna jengo la mizani ya biashara la mwaka 1528, na ukutani, upande wa nje, limetundikwa sufuria kubwa la shaba ambalo, kwa mujibu wa masimulizi ya mji, lilitumika kumchemshia mtu aliyeghushi sarafu. Sioni raha ya kuyapita hayo yote ukiwa umeinamia usukani, ukihesabu kilomita zilizobaki.

Mama_Hattem alijibu:

Nakubaliana na kaka Bakari kuhusu upepo na kuhusu siku mbili, lakini huko Olst na Wijhe mimi nisingempeleka mgeni kabisa. Kutoka Deventer kwenda Zwolle, ukingo wa mashariki una barabara ya magari, N337, inayoandamana na mto sehemu kubwa ya njia, na siku za mwisho wa wiki zikiwa na jua pikipiki huwa nyingi.

Ushauri wangu, Ndugu Kombo, ni huu: siku ya kwanza kaa mashariki, upitie Doesburg na Bronkhorst, kijiji kidogo sana chenye hadhi ya mji tangu mwaka 1482, kisha Zutphen na Deventer. Siku ya pili vuka mto uende magharibi, ufuate tuta kupitia Terwolde, Welsum, Veessen na Vorchten hadi kwetu Hattem. Upande huu ndio wenye nyumba za kale za wakulima, na kando ya nyingi utaona banda la majani makavu lenye paa linalopandishwa na kushushwa juu ya nguzo zake kadiri shehena inavyoongezeka au kupungua. Korongo weupe nao ni wengi, wakitembea nyuma ya trekta wakati wa kukata nyasi. Ukibadili mawazo njiani, zipo pantoni ndogo za kukuvusha, kwa mfano Bronkhorst, Olst na Wijhe, na nauli ya mtu na baiskeli yake ni ndogo. Uangalie tu saa zake mapema, maana si zote zinazofanya kazi mwaka mzima, na maji yakipanda sana husimama.

Usitumie ramani ya zamani. Mwaka 1995 watu wapatao 250,000 walihamishwa katika maeneo ya mito ya nchi hii kwa hofu kwamba matuta yangevunjika, na baada ya hapo serikali iliamua kuipa mito nafasi zaidi badala ya kuinua matuta peke yake. Ndiyo maana kati ya Veessen na Wapenveld utakuta mkondo mpana wa akiba, ambao kwa kawaida ni malisho makavu, na karibu na Kampen umechimbwa mwingine uitwao Reevediep. Njia za baiskeli zilipangwa upya pamoja na kazi hizo.

Fundi_Spoku alijibu:

Tairi za 25 zitakufikisha, lakini kama uma wa baiskeli yako unaruhusu 28, weka 28 na upunguze upepo kidogo, kwa sababu matofali ya mijini hutikisa mikono kuliko lami yoyote mbovu. Juu ya matuta kuna vizuizi vya ng'ombe, yaani vyuma vilivyolazwa kukatiza njia: vivuke ukiwa umenyooka, bila kufunga breki wala kukata kona, hasa vikiwa vimelowa. Ninachokihofia zaidi ni vile vigingi vilivyosimamishwa katikati ya njia ili kuzuia magari, kwa kuwa ukiwa nyuma ya mwenzako huvioni mpaka yeye amekwepa.

Kwa njia yenyewe huna haja ya kutazama simu kila mara, na kuishika mkononi ukiwa unaendesha ni kosa kisheria tangu Julai 2019. Fuata njia panda zenye namba. Mpango huo ulianzia Limburg ya Ubelgiji mwaka 1995, na aliyeubuni alikuwa mhandisi wa migodi aliyechukua mfano wa namba za njia za chini ya ardhi. Andika namba zako kwenye kipande cha karatasi, ukibandike juu ya usukani, nawe utasoma vibao njiani. Ukiona alama ya duara ya buluu yenye baiskeli nyeupe, ni lazima upite katika njia hiyo hata kama barabara ya magari inakuvutia kwa ulaini wake.

Kombo_Utrecht:

Nashukuru sana, na nimekubali siku mbili. Kurudi kwa treni kutoka Kampen siku ya kazi, na baiskeli isiyokunjwa, kunawezekana?

Bakari_Deventer:

Kunawezekana, ila siku za kazi baiskeli hairuhusiwi ndani ya treni kuanzia saa 12:30 hadi saa 3:00 asubuhi, wala kuanzia saa 10:00 jioni hadi saa 12:30, na tiketi yake hununuliwa mbali na yako. Kituo cha Kampen kiko ng'ambo ya mto, upande wa pili wa daraja lenye magurudumu ya rangi ya dhahabu, kwa hiyo ukimaliza kuitembelea mitaa ya ndani ya malango ya kale huna zaidi ya kuvuka daraja. Zwolle utabadili treni. Ukichelewa na saa kumi ikakukuta Kampen, kula huko huko na uondoke baada ya saa 12:30, kuliko kubishana na kondakta.