Kikaango cha chapati kimevimba kitako kwenye jiko la induksheni. Kinanyooka?

MamaAsubuhi, Arusha
Habari zenu wakuu. Nauza chapati na maharage asubuhi hapa mtaani. Mkaa nimeacha, sasa napikia jiko la umeme la kioo, induksheni, wati 2000. Kazi inaenda haraka na macho hayaniwashi tena. Shida ni kikaango: alumini, nonstiki, upana sentimita 28, chini kimebandikwa bamba la chuma lenye vitobo ili jiko likitambue. Kitako kimevimba kuelekea chini. Nikikiweka kwenye kioo kinazunguka kama pia, mafuta yanakusanyika katikati, chapati inaungua kati na pembeni inabaki mbichi. Kile cha zamani cha mkaa hakikuwahi kunifanyia hivi. Ubovu ni wa jiko au wa kikaango? Na kinanyooka?

FundiGerezani, Dar
Pole na kazi, dada. Mimi nafanya kazi za bati na sufuria hapa Gerezani, na vikaango vya aina hiyo siku hizi naletewa sana. Jiko lako ni zima. Hicho kikaango ndicho hakiwezi kasi yake.

Alumini na chuma vyote hutanuka vikipata moto, lakini si sawasawa. Kitako cha sentimita 28 kikipanda nyuzi 200, alumini inaongezeka upana kama milimita 1.3, wakati lile bamba la chuma halifikii hata milimita 1. Na vimebanwa pamoja, kwa hiyo lazima vipinde. Moto ukiwa wa wastani, kikipoa kinarudi. Ukiwa wa ghafla na mkali, kinapitiliza na kubaki hivyo hivyo.

Halafu kuna koili, ule waya uliozungushwa chini ya kioo unaofanya kitako kipate moto. Duara lililochorwa juu ya kioo lisikudanganye, kwenye majiko ya kubeba koili iliyo ndani mara nyingi ni ndogo kuliko duara lenyewe. Katikati panawaka, ukingo bado wa baridi na umekaza. Kati pakitaka kutanuka pande zote hakuna nafasi, njia iliyobaki ni kwenda juu au chini. Mkaa unapanda polepole na unapasha mpaka ubavuni. Tena kikipinda kidogo kwenye mkaa huoni, kwa sababu hakilali juu ya kioo.

Na chapati ndiyo mtihani mkubwa kuliko wali. Sufuria ikiwa na maji, kitako hakipandi sana zaidi ya nyuzi 100. Kikaango kikavu kwenye wati 2000 kinapita 250 ndani ya dakika chache tu, na nonstiki huanza kuharibika karibu na 260.

Kukinyoosha: kiache kipoe kabisa. Tandika taulo sakafuni, usithubutu juu ya jiko, kisha kifudikize. Weka kipande cha ubao mgumu juu ya uvimbe, ugonge ubao, si kikaango. Anzia kando ya uvimbe, zunguka ukielekea kati, mapigo madogo madogo, kila mzunguko pima kwa rula. Pigo moja zito la katikati linahamishia uvimbe upande wa ndani. Ukiona mwanya mdogo sana katikati chini ya rula, simama hapo. Vikaango vingi vinatoka kiwandani vimebonyea kidogo kwa ndani makusudi, ili vikipata moto vilale sawa.

Ila nakwambia ukweli, cha kwako kitanyooka lakini kwa chapati hakitakaa. Kibakize cha mayai, moto mdogo.

Jikoni_Nairobi
Fundi, mimi nina sufuria ya stenlesi yenye kitako kinene, nayo inayumba. Naigonga vivyo hivyo?

FundiGerezani, Dar
Hapana ndugu yangu. Kitako kile ni tabaka zilizounganishwa, ukigonga zinaachana. Na chuma cha kumimina kwenye kalibu usikiguse kwa nyundo kabisa, kinapasuka.

TawaLaPwani, Mombasa
Dada, nunua tawa la chuma kizito. Ila chagua lenye kitako bapa, maana yale yetu ya asili yana mbonyeo kidogo, yanafaa mkaa na gesi tu. Nenda dukani na sumaku na rula, maana induksheni hupasha chuma kinachoshika sumaku; sumaku ishike kitako chote, si katikati peke yake. Kitako kisipite sana upana wa koili. Na ukiligeuza linyanyue, usilikokote, kioo kitachubuka.

MamaAsubuhi, Arusha
Asanteni sana, Mungu awabariki. Fundi, nikimaliza kukaanga nioshe kwa maji ya baridi papo hapo? Asubuhi sina muda wa kusubiri.

FundiGerezani, Dar
Usifanye hivyo, hata kwa tawa jipya. Chuma cha kumimina kikiwa cha moto ukakimwagia maji ya baridi kinaweza kupasuka, na alumini inapinda. Pangusa kwa kitambaa kikavu, uweke pembeni, kitapoa wakati unauza. Kesho yake anza namba ya chini, kama 3 hivi, usukume chapati huku tawa linapata moto mpaka ukingoni. Ukinyunyiza unga kidogo ukabadilika rangi polepole, ongeza mpaka namba ya kati, uanze. Namba ya juu kabisa iachie sufuria ya maharage.