Uzao wa Babu Athumani 🌴: tangi la Salim

Salim: Assalaam alaykum wote. Shikamoo Mjomba, shikamoo Mama Mdogo. Tumefika Quartzsite salama, huku Arizona. Jangwa tupu, na motohomu, haya magari ya kuishi ndani, mpaka macho yanachoka. Idi upo? Nina swali la choo.

Mama Mdogo Zuhura: Wa alaykum salaam, marahaba mwanangu. Swali la choo saa hizi za magharibi, na mimi ndiyo kwanza nimemimina chai.

Salim: Nisamehe Mama Mdogo 😂 huku ni asubuhi. Ni hivi. Kiwanja tulichopanga kina bomba la majitaka pembeni ya gari, unaunga mpira wako moja kwa moja. Jirani, mzee mmoja wa Kizungu, kaniambia niache valvu ya tangi la choo wazi muda wote nisijisumbue. Ni sawa?

Idi: USIFUNGUE

Idi: Subiri niegeshe gari niandike vizuri

Mjomba Hamadi: Marahaba Salim. Idi anaegesha, mimi nipo. Usimsikilize huyo mzee.

Idi: Nimerudi. Binamu, gari lako lina matangi mawili ya majitaka. Moja la sinki na bafu, hilo huku wanaliita la kijivu. La pili la choo, jeusi. La kijivu ukiliacha wazi si neno kubwa. La choo ukiliacha wazi, mkojo na maji vinatangulia kutoka, kigumu na tishu vinabaki pale pale chini ya tundu, vinakauka, vinapandiana. Nimeshayafungua matangi ya namna hiyo hapa Phoenix. Kazi yake hutaisahau.

Mjomba Hamadi: Ndivyo. Hata kwenye boza la kunyonya vyoo ni hivyo hivyo. Karo lenye maji unatumbukiza mpira, linanyonywa mara moja. Karo lililokauka ni ukoko wa chini ya sufuria, mpaka umwage maji, ukoroge, usubiri. Kinachobeba uchafu ni maji. Watu hawaelewi hilo, wanaona maji ndiyo yanayojaza karo, wanayabania.

Idi: Baba kamaliza. Valvu ya choo ifungwe mpaka tangi lifike theluthi mbili au zaidi. Ukimwaga likiwa robo, halina nguvu ya kusukuma.

Mama Mdogo Zuhura: Ngojeni kwanza. Kwa hiyo hicho choo mnatembea nacho?

Rehema: Shikamoo Mama Mdogo. Ndiyo, tangi liko chini ya sakafu.

Mama Mdogo Zuhura: Marahaba. Sakafu mnayolalia.

Rehema: Hapana, chini ya bafu. Kitanda kiko nyuma kabisa 😅

Mama Mdogo Zuhura: Na mnaita likizo.

Tatu: 🤣🤣🤣

Salim: Idi, la pili. Taa ya kipimo inasema theluthi mbili muda wote. Hata nikishamwaga, theluthi mbili.

Idi: Hiyo usiiamini. Vipimo viko ubavuni mwa tangi kwa ndani, kikigandwa na kipande cha tishu kinadhani kuna maji. Kanyaga pedeli ya choo, mulika na tochi, utazame kwa macho yako.

Salim: Kweli nitazame?

Idi: Umenunua motohomu, tazama.

Rehema: Shemeji Idi, na mimi. Kila tukivuta maji harufu inajaa gari zima. Salim anasema dawa ya tangi haina nguvu, anataka ya bei zaidi.

Idi: Feni ya bafuni inakuwa inawaka?

Rehema: Naiwasha makusudi, itoe harufu.

Idi: Ndiyo inayoileta, shemeji. Feni inasukuma hewa nje, kwa hiyo lazima ivute nyingine kutoka mahali fulani. Ukikanyaga pedeli, tundu la choo linafunguka, inavuta ya tangini. Zima feni, vuta maji, acha tundu lijifunge, ndipo uwashe. Na kwenye bakuli yabaki maji kidogo muda wote, ndiyo yanayoziba harufu. Ukiona yanapotea yenyewe, mpira wa pale chini umechoka, ubadilishwe. Dawa haihusiki kabisa.

Rehema: Salim umesoma?

Salim: Nimesoma 🙄

Mjomba Hamadi: Huku wanamwaga jiki.

Idi: Jiki hapana Baba. Inakausha mipira ya valvu, na ikikutana na mkojo inatoa gesi ya kukaba kifua, ndani ya kigari kile. Hata baadhi ya dawa za dukani ni za kuangalia. Zile za zamani zenye fomaldehaidi zinaua harufu kwa kuua vijidudu, na vijidudu hivyo ndivyo vinavyomeng'enya uchafu. Viwanja vingi vya kupiga kambi majitaka yake yanaingia kwenye karo, ukiwamwagia hiyo unawaharibia karo lao. Chukua dawa ya vimeng'enya au usiweke kitu. Maji.

Tatu: *↪ Imesambazwa mara nyingi:* SIRI YA TANGI SAFI!!! Mwaga mfuko mzima wa barafu chooni kisha endesha gari. Barafu itasugua kuta zote za tangi. Watumie wengine.

Idi: Tatu, unazitoa wapi hizi 😂 Barafu inaelea juu, na kinachotaka kusuguliwa kiko chini. Tena inayeyuka kabla hujafika kona ya pili.

Tatu: Mimi nimeleta tu

Salim: Nimemulika. Limejaa kweli. Sitaki kulizungumzia.

Idi: Basi fanya leo. Glovu kwanza, zile za kutupa. Mpira wa majitaka wa inchi 3 uupe mteremko, usilale chini ukajipinda. Pale unapoungana na gari weka ile kona ya plastiki inayoonyesha ndani, usipoona kinachopita utajuaje kimeisha? Upande wa pili mpira ushike vizuri kwenye bomba la ardhini. Hapo ndipo aibu za watu wengi zinapotokea.

Idi: Unaanza na la choo. Vuta valvu yote kwa mara moja, usifungue nusu nusu. Likiisha lisuuze, halafu ndiyo ufungue la kijivu, maji ya sabuni yasafishe mpira. Ndiyo maana mimi siku moja kabla ya kumwaga nalifunga na la kijivu, lijaze kidogo.

Salim: Kusuuza ni kumwaga ndoo chooni?

Idi: Ndoo inafaa. Ila tazama ubavuni karibu na valvu, kama kuna tundu la kuunga mpira wa bustani lenye maandishi ya kusuuza tangi. Ndani yake kuna vinyunyizi.

Salim: Lipo! Nilidhani ni la maji ya kunywa

Rehema: NINI

Salim: Sijawahi kuunga, tulia

Idi: Mpira wa kusuuzia uwe wake peke yake, rangi tofauti, na ukae boksi tofauti na ule wa maji ya kunywa. Hili halina mjadala. Na ukifungulia maji pale, valvu ya choo iwe WAZI. Wengine wanaifunga ili tangi lijae kidogo lijisuuze vizuri, inawezekana, lakini hubanduki hapo. Ukienda kunywa kahawa ukasahau, tangi halina pengine pa kupeleka. Litatokea chooni au kwenye bomba la kupumulia juu ya paa.

Mama Mdogo Zuhura: Ya Rabbi, juu ya paa.

Mjomba Hamadi: Na mzigo unaishia wapi huko? Sisi hapa Dar tunapeleka mabwawa ya majitaka ya Vingunguti. Tena mvua kubwa zikinyesha kuna watu wanatapisha vyoo mitaroni usiku, hawataki kulipa boza.

Idi: Huku wapo pia Baba, anafungua valvu jangwani giza likiingia. Ni kosa kisheria. Wale waliopaki bila bomba wanatakiwa waendeshe mpaka kituo cha kumwagia. Vipo kwenye viwanja vya kambi, na kwenye vituo vingi vya mafuta vya malori.

Mjomba Hamadi: Tangi lenyewe lita ngapi?

Salim: Galoni 40, kama lita 150.

Mjomba Hamadi: Lita 150! Mpwa wangu, hilo si tangi, ni ndoo. Unatusumbua.

Tatu: Mjomba 😭😭

Salim: Haya wakuu, nimemaliza. Mwanzo ilitoka nzito, halafu ikasimama, nikadhani imekwisha. Nikafungulia vinyunyizi, likaja fungu jingine la tishu, zile za mwenye gari wa kwanza nadhani. Nikaendelea mpaka kwenye kona ya plastiki yakapita maji meupe. Na taa imeshuka! Inasoma tupu!

Idi: Safi. Sasa funga valvu, mwaga chooni maji lita kumi hivi kabla hamjatumia. Lisianze kavu.

Rehema: Na tishu tutumie zipi? Nimenunua zile laini za matabaka matatu.

Idi: Weka kipande kwenye chupa ya maji, tikisa, iache kidogo. Ikisambaratika, tumia. Na waipsi za mtoto zisiingie chooni hata kama pakiti imeandikwa zinafaa.

Rehema: Nimetikisa. Iko nzima, hata haijachanika.

Idi: Ifutie meza hiyo. Nunua zile nyembamba za bei nafuu.

Mama Mdogo Zuhura: Na hiyo chupa mtupe, Salim asije akainywea maji.