Husuni Kubwa ya Kilwa: ijengwe upya au ibaki gofu?

Mleta mada: Wakuu, tujadili bila jazba. Husuni Kubwa pale Kilwa Kisiwani ilikuwa kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, karne ya 14: vyumba zaidi ya 100, bwawa la pembe nane, bahari chini yako. Leo mgeni anavuka kutoka Masoko, anapandisha hadi juu, halafu anauliza kasri lenyewe liko wapi. Nasema tuezeke japo upande mmoja. Waomani wamefanya hivyo Bahla. Ngome ile iliingia Urithi wa Dunia 1987, mwaka uliofuata ikawa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini maana kila mvua iliondoka na kipande cha ukuta. Wakaikarabati, 2004 ikatoka, na sasa watu wanaingia kutembea.

Mchangiaji wa Dar: Mkuu, mwaka huohuo wa 2004 Kilwa ndiyo iliingia kwenye orodha hiyo, na ikatoka 2014 bila Husuni Kubwa kuezekwa. Kazi ilikuwa kushikiza kuta na kupambana na mmomonyoko. Halafu wanaakiolojia wengi wanaona Husuni Kubwa haikuwahi kumalizika kujengwa. Sasa utajenga upya ipi, ya Sultani au ya mkandarasi? Wafaransa wana Carcassonne, mji wa kale wenye ngome, ambako msanifu majengo Viollet-le-Duc aliivika minara paa zilizochongoka, za mtindo wa kaskazini. Watalii wanamiminika, sikatai, ila ubishi wa zile paa haujaisha tangu karne ya 19.

Fundi wa chokaa: Mnabishania paa, mimi naogopa saruji. Ukuta wa matumbawe unapumua. Ukiupiga lipu ya saruji, unyevu na chumvi vinanasa ndani, na siku lipu inapobanduka inaondoka na uso wa jiwe. Nimebomoa lipu za namna hiyo hadi nimechoka. Chokaa nzuri unaichoma, unaizima kwa maji, unaiacha ilale wee mpaka iwe laini kama samli. Halafu tenda inatoka, kazi iishe kabla mwaka wa fedha haujafungwa! Hapo ndipo mifuko ya saruji inapoingia usiku.

Mkaazi wa Kisiwani: Jamani, na sisi tupo. Mgeni anashuka asubuhi, anapiga picha, mchana karudi Masoko kula na kulala. Ezekeni hata kwa dhahabu, kwetu atakuwa kaacha nyayo tu. Mbona hamuulizi nani atachoma hiyo chokaa, vijana wetu au watu wa kuletwa?

Mleta mada: Fundi kanikata maini. Saruji naiondoa, vijana wa Kisiwani nawaongeza. Paa siondoi, ila nashusha dau: chumba kimoja tu, kwa chokaa, na kibao mlangoni kionyeshe jiwe lipi ni la Sultani na lipi ni letu. Wewe wa Dar, hata hicho kimoja unakipinga?

Mchangiaji wa Dar: Nakipinga, mkuu. Chumba kimoja kikileta picha nzuri, cha pili hakitaombewa ruhusa.