Vito kamilifu vya Diablo II: kuvitia matunduni, kuvitumia mchemrabani au kuviweka akiba?

Kinyonga (mwanzisha mada)

Wakuu, naomba tulinganishe kwa utulivu matumizi ya vito katika mchezo wa kompyuta wa Diablo II, hasa toleo la Resurrected lililotoka mwaka 2021, kwa sababu ushauri ninaoupata unapingana. Mchezo una aina 7 za vito, yaani topazi, ametisti, yakuti nyekundu, yakuti samawati, zumaridi, almasi na fuvu, na kila aina ina madaraja 5: kilichomeguka, chenye dosari, cha kawaida, kisicho na dosari na kamilifu. Mchemraba wa Horadric huunganisha vito 3 vya aina moja na daraja moja kuwa kimoja cha daraja linalofuata, kwa hiyo kito kamilifu kilichojengwa kutoka chini kabisa kimekula vito 81 vilivyomeguka.

Njia ninazoziona ni tatu. Mtu anaweza kuvitia vito kwenye matundu ya silaha, deraya, kofia na ngao. Anaweza kuvifanya malighafi ya mchemraba, kwa kubadilisha hirizi (vitu vya kubeba mkobani vinavyompa mhusika sifa), kupandisha runi (vijiwe vya uchawi ambavyo navyo hutiwa matunduni) na kutengeneza vidani. Au anaweza kuviweka akiba ili abadilishane na wachezaji wengine, kwa kuwa vito kamilifu vimekuwa chenji ya soko la mchezo huu tangu zamani. Mhusika wangu ni Sorceress, yaani mchawi wa kike, ameshaingia ugumu wa Hell, ulio wa juu kabisa, na sanduku lake limejaa. Ipi itangulie?

Ngao ya Nne

Mkuu Kinyonga, kabla ya kuchagua njia yoyote zingatia kwamba katika Diablo II kito kikishaingia tunduni hakitoki kikiwa kizima. Ipo fomula ya mchemraba inayotaka runi ya Hel, hati ya kufungulia lango la kurudi mjini na kifaa chenyewe, lakini fomula hiyo huokoa kifaa peke yake, na vyote vilivyokuwamo matunduni huteketea. Kila kito unachokitia umeshakitumia, na cha kujiuliza ni muda utakaokaa na kifaa hicho mwilini.

Deraya utakayoivua baada ya kupanda viwango vichache haistahili kito kamilifu. Itie kisicho na dosari, au hata cha kawaida, uendelee na safari. Yakuti nyekundu kamilifu ndani ya deraya huongeza uhai kwa 38, na isiyo na dosari huongeza 31. Kwa hizo 7 za tofauti unakuwa umetoa vito viwili vizima vya ziada. Mimi sioni biashara hapo.

Mwokotaji

Naungana na Ngao ya Nne, isipokuwa kwenye topazi. Topazi kamilifu ikiwa ndani ya kofia au deraya humwongezea mchezaji asilimia 24 za nafasi ya kupata vitu vya kichawi. Deraya yenye matundu 4 inakupa 96, kofia yenye matundu 3 inakupa 72, na jumla yake ni 168, tena kwa vito ambavyo mchezaji yeyote mwenye subira anaweza kuvikusanya mwenyewe bila kumwomba mtu. Linganisha na runi ya Ist, ambayo ni adimu na ghali: kwenye kofia au deraya inatoa asilimia 25, yaani 1 tu zaidi ya topazi. Ist ina kazi kwenye silaha, ambako hutoa 30 wakati topazi haitoi hata moja, kwa sababu topazi ndani ya silaha huongeza madhara ya radi basi. Wanaotia Ist kwenye kofia ya Harlequin Crest wana sababu zao, na mara nyingi sababu yenyewe ni fahari.

Fuvu Kavu

Hesabu ya Mwokotaji ni sahihi ila imeishia njiani. Asilimia za kupata vitu vya kichawi hazifanyi kazi kwa ukamilifu linapokuja suala la vitu vya kipekee. Ili kupata thamani yake halisi, zidisha asilimia zako kwa 250, kisha ugawanye kwa jumla ya asilimia hizo na 250. Asilimia 168 kwa hiyo hubaki takriban 100, na asilimia 300 hubaki takriban 136. Umeongeza 132 kwenye mavazi, umevuna 36. Tena asilimia hizo hazigusi kabisa udondokaji wa runi wala wa vito vyenyewe, kwa hiyo anayetafuta runi akiwa amejaa topazi mwili mzima anajidhoofisha bure.

La pili ni kwamba Kinyonga yuko Hell, ambako kinga zote hupunguzwa kwa 100, na Sorceress aliyevaa topazi juu na chini bila kinga hatakaa hai muda wa kuokota alichokidondosha bosi. Hapo ndipo almasi inapoingia, kwa kuwa almasi kamilifu ndani ya ngao huongeza asilimia 19 za kinga dhidi ya moto, baridi, radi na sumu kwa pamoja. Ngao ya Monarch yenye matundu 4 ingetoa 76, lakini inadai nguvu 156, na kumwagia Sorceress nguvu kiasi hicho ni uamuzi mzito. Ngao ndogo yenye matundu 3, kama Kite Shield inayodai nguvu 47, itabeba almasi 3 na kutoa 57.

Ngao ya Nne

Kwa ngao hiyo hiyo ya matundu 3, Fuvu Kavu, lipo neno la runi (runi zinazotiwa kwa mpangilio maalumu zikatoa nguvu ya pamoja) la Ancient's Pledge, linaloundwa kwa Ral, Ort na Tal, na linatoa kinga 43 dhidi ya baridi na 48 dhidi ya moto, radi na sumu. Runi hizo 3 anazitoa Qual-Kehk, mhusika wa mchezo, kama zawadi baada ya askari wake kuokolewa katika Tendo la Tano la mchezo. Almasi zinashinda kwa pointi 9 hadi 14, ni kweli, lakini unatoa vito kamilifu 3 kushindana na kitu ulichopewa bure. Aanze na runi, kisha ahamie kwenye almasi iwapo kinga bado haitoshi.

Bi Zumaridi

Ndugu zangu, nyote mmevizungumzia vito kamilifu kana kwamba vya chini ni vya kuunganishwa upesi ili viondoke njiani. Kabla Kinyonga hajavisukuma vyote mchemrabani, aangalie fomula za kupandisha runi, kwa sababu huko ndiko vito vya chini vinakotafutwa na kukosekana.

Kuanzia El, runi ya chini kabisa, hadi Ort, runi 3 zinazofanana hutoa runi inayofuata bila kudai kito. Kuanzia Thul mambo hubadilika: Thul 3 pamoja na topazi iliyomeguka hutoa Amn, Amn 3 pamoja na ametisti iliyomeguka hutoa Sol, kisha hufuata yakuti samawati kwa ajili ya Shael, yakuti nyekundu kwa ajili ya Dol, zumaridi kwa ajili ya Hel na almasi kwa ajili ya Io, zote zikiwa zilizomeguka. Mpangilio huo huo wa aina 6 unarudi kwa vito vyenye dosari kutoka Io hadi Um, unarudi tena kwa vito vya kawaida kutoka Um hadi Lo, na unamalizikia kwa visivyo na dosari kutoka Lo hadi Zod. Kuanzia Pul zinatosha runi 2 badala ya 3, nafuu ambayo mtu huithamini akishaona jinsi runi hizo zinavyodondoka kwa nadra.

Kito kamilifu hakimo popote katika ngazi hiyo, na fuvu halimo kwa daraja lolote. Mchezaji aliyeunganisha kila kitu anaweza kujikuta ana runi 2 za Mal mkononi, anataka Ist, na hana ametisti ya kawaida hata moja, wakati sanduku lake lina ametisti kamilifu kadhaa ambazo hakuna fomula ya kuzishusha daraja. Ndiyo maana nashauri abakize vito viwili au vitatu vya kila aina kwa kila daraja la chini, mafuvu yakiwa nje ya hesabu, na aunganishe ziada pekee. Nafasi inauma, najua, kwa sababu kila kito hukalia mraba mzima, na toleo la 2021 lilipotoka lilikuwa na kurasa 3 tu za sanduku la pamoja, kila moja ikiwa na miraba 100. Ila utaratibu huu hauhitaji zaidi ya robo tatu ya ukurasa mmoja.

Msafiri wa Nyufa

Mimi nacheza zaidi Diablo III, na nikisoma mjadala huu naona wazi kwamba ubahili wenu wote unatokana na lile alilolitaja Ngao ya Nne mwanzoni. Kwetu sonara huchomoa kito kwa malipo ya dhahabu na kito hutoka kizima, kwa hiyo hakuna sababu ya kukiweka sandukuni hata siku moja. Zumaridi ya daraja la juu kabisa huingia kwenye silaha na kuongeza asilimia 130 kwenye madhara ya mapigo makali, almasi huingia kwenye kofia na kupunguza muda wa kusubiri mbinu kwa asilimia 12.5, na silaha bora ikipatikana kesho, kito kinahamishwa.

Hata vito vya hekaya, vilivyoletwa mwaka 2014 kwa ajili ya pete na vidani, hukua bila hatari ya kupotea. Urshi, mhusika wa mchezo huo, hukupa majaribio ya kuvipandisha kila umalizapo ufa mkuu, yaani changamoto yenye ngazi za ugumu. Ngazi ya ufa ikizidi daraja la kito kwa 10 au zaidi, jaribio halishindwi, na hata likishindwa, kito kinabaki kilivyokuwa. Mahali pekee tunapoonja uchungu wenu ni fomula ya Caldesann's Despair, inayoteketeza kito cha hekaya kabisa ili kukiongezea kifaa cha kale pointi 5 za sifa kwa kila daraja la kito hicho. Hapo nasi huanza kupiga hesabu kama nyinyi.

Kinyonga

Nawashukuru. Nitaanza na runi za Qual-Kehk na nitaacha kuunganisha vito vya chini ovyo. Limebaki suala la hirizi kubwa, ambalo hakuna aliyeligusa: je, inafaa kutumia vito kamilifu kuzibadilisha, au ni kamari?

Mwokotaji

Ni kamari, ila ina masharti yanayojulikana. Hirizi kubwa inasimama wima na kukalia miraba 3 kati ya 12 ya mchemraba. Weka kando yake vito kamilifu 3, vya aina yoyote, hata vikichanganyika, kisha bonyeza. Ukiacha humo kitu kingine chochote, hata hati moja ya kusomea vitu, hakitokei kitu. Fomula ikikubali, vito vinatoweka na mahali pa hirizi ya zamani panakuwa na nyingine yenye sifa mpya, ambayo mara nyingi utaisoma mara moja na kurudia.

Cha kuangalia ni hirizi ilikotoka, kwa sababu kiwango chake cha ndani hakibadiliki hata ukiibadilisha mara ngapi. Ili iweze kutoa uhai kati ya 41 na 45 inahitaji kiwango cha 91 au zaidi, na hirizi zinazodondoshwa na bosi Diablo katika ugumu wa Hell huwa na 94, za Nihlathak 95, za Baal 99. Ukitaka ile inayoongeza ujuzi wa tawi moja la mbinu, kiwango cha 50 kinatosha. Hirizi uliyookota kwa adui wa njiani kwa kawaida haitafika kwenye uhai huo, nawe utakuwa unailisha vito bure.

Bi Zumaridi

Naongeza kwamba si kila kito kiingie kwenye kamari hiyo. Ametisti kamilifu zihifadhiwe, kwa kuwa kidani cha kichawi kikiunganishwa na runi ya Ral, johari moja (kijiwe kingine cha kutia tunduni) na ametisti kamilifu hutoa kidani cha kuharakisha utupaji wa mbinu, na kwa Sorceress hicho kinaweza kuwa kifaa cha kumalizia mchezo. Kiwango cha kidani kipya ni nusu ya kiwango cha mhusika pamoja na nusu ya kiwango cha kidani kilichotumika, kwa hiyo dada yetu wa kichawi asikimbilie kutengeneza angali mchanga. Topazi nazo zina kazi aliyoieleza Mwokotaji, tena topazi kamilifu moja pamoja na runi za Tal na Thul hutoboa matundu kwenye deraya nyeupe ya kawaida, idadi ya matundu ikiamuliwa na bahati. Kwenye hirizi atumie mafuvu kwanza, kisha yakuti samawati na zumaridi.

Fuvu Kavu

Na kwa kuwa maadui kwa kawaida hawadondoshi kito kilicho kamilifu tayari, Kinyonga asipite madhabahu ya vito bila kuigusa. Madhabahu hiyo hupandisha daraja la kito kimoja unachokibeba, na huchagua yenyewe bila kukuuliza. Toka mjini ukiwa na kito kimoja tu kwenye mkoba, kisicho na dosari, cha aina unayoitaka.